Mzee Akisema Ameshiba

Liko neno moja lisemwalo kila jioni katika nyumba nyingi za Mwanza na za kandokando ya Ziwa Viktoria, kutoka Magu hata Sengerema, na visiwani Ukerewe na Kome, nalo ni neno fupi lisilomshtua mtu. Ugali umeletwa, wajukuu wameketi, kitoweo ni kidogo. Bibi amemega tonge mbili tatu, kisha ananawa mkono na kusema, "Nimeshiba, wapeni watoto." Watoto hula, mama mwenye nyumba hushukuru kimoyomoyo, vyombo huondolewa. Hakuna aliyetenda dhambi machoni pa watu, maana hakuna aliyemnyima mzee; amekataa mwenyewe. Nasi mwezi huu twataka kuuliza swali ambalo halijaulizwa sana katika sharika zetu: Je, yeye alisikiaye neno hilo amekwisha kuwa huru? Yatosha kwamba mzee amesema ameshiba?

Twajua ya kuwa swali hili laweza kuonekana dogo. Watu huja kwa mchungaji na mashauri ya ndoa, ya mashamba, ya mirathi na ya uchawi; hawaji na habari za tonge lililobaki sahanini. Lakini ile amri ituagizayo kuwaheshimu baba na mama, ambayo watoto wetu wa kipaimara hujifunza kuwa amri ya nne, haikutolewa kwa ajili ya watoto wadogo peke yao. Martin Luther alipoieleza katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529 aliifikisha hata kwa wazazi walio wazee, wagonjwa na maskini, akataka waheshimiwe kwa mali na kwa kazi ya mikono pamoja na maneno mazuri. Maneno mazuri kwetu hayapungui. Husemwa penye wazee haliharibiki neno, nasi huwaita baraza likiwa na shauri gumu, tukawapa viti vya mbele. Shauri likiisha, mzee hurudi nyumbani, na huko hatujui anakula nini.

Wengi hutujibu upesi, "Mzee hahitaji chakula kingi." Jibu hili si la uongo, ila limekatwa katikati. Ni kweli ya kwamba mwili usiolima wala kuvuta nyavu hautaki tena chakula cha kutia nguvu kwa wingi kama zamani. Lakini kipo chakula cha kuujenga mwili, yaani protini, ambayo imo katika samaki, maziwa, mayai, maharage na karanga. Na kwa chakula hicho haja ya mzee si ndogo kuliko ya kijana. Madaktari waliochunguza jambo hili wasema ni kubwa zaidi, maana mwili uliozeeka hukitumia kwa shida. Mtu mzima mwenye afya hutoshewa na gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku moja. Kwa mzee hushauriwa gramu 1 hata 1.2, isipokuwa ana ugonjwa wa figo, naye huyo afuate neno la daktari wake. Basi bibi mwenye kilo 50 ataka gramu 50 hata 60 kila siku.

Sasa tuitazame sahani yake. Unga wa muhogo, ambao ndio ugali wa nyumba nyingi maskini huku kwetu, katika gramu 100 haufikishi hata gramu 3 za protini. Mtama na uwele, vilivyokuwa ugali wa Wasukuma kabla ya mahindi na muhogo kuenea, vilikuwa na zaidi mara tatu au nne. Serikali ya Waingereza iliusisitiza muhogo kuwa akiba ya njaa, na kwa kazi hiyo ulifaa, maana hustahimili jua na hukaa ardhini muda mrefu. Lakini akiba ya njaa imekuwa chakula cha kila siku. Kitoweo kimeachiwa watoto. Mzee amekula muhogo na mchuzi, tumbo limejaa, wala hasemi uongo akisema ameshiba. Ila nyama ya mapaja yake na mikono yake yaliwa na mwili wenyewe, mwezi kwa mwezi, hata siku moja anashindwa kuinuka kigodani bila kushikwa mkono. Kisha huanguka, nyonga huvunjika, hulala, hainuki. Watu husema ni uzee. Mara nyingi ni njaa, na uzee umesingiziwa.

Yako na mambo mengine ambayo sahani haiyaonyeshi. Meno yametoka, na michembe iliyo migumu kama vipande vya ubao haitafuniki. Pua na ulimi vimepungua nguvu, hata mchuzi uliowapendeza wote kwake ni kama maji. Kiu nayo hupungua kwa wazee. Mwili ukikauka yeye hahisi, wala haombi maji, hasa akiwa anaogopa kuamka usiku kutafuta njia ya choo gizani. Tena tumbo la wazee wengi hupungukiwa na asidi yake, na kwa sababu hiyo vitamini B12, ambayo hupatikana katika samaki, nyama, mayai na maziwa, haiingii mwilini vizuri hata ikiwamo katika chakula. Basi akinyimwa na hicho kidogo, damu hupungua, miguu hufa ganzi, na akili yaweza kuchanganyikiwa.

Hapa twaingiza neno moja la uchungu, nalo hatuwezi kuliruka kwa kuwa twaishi Usukumani. Wanawake wazee wengi wameuawa katika nchi hii kwa kuitwa wachawi, na alama iliyotajwa mara kwa mara ni macho mekundu. Macho hayo yamefanywa mekundu na moshi wa kuni na wa samadi ya ng'ombe, miaka hamsini ya kupika katika nyumba isiyo na dirisha. Mfikirie basi bibi aliyekonda kwa kukosa kitoweo, anayetetemeka akitembea, anayesema peke yake usiku kwa kuwa akili imemchanganyikia, na macho yake ni mekundu. Wale waliokula sehemu yake miaka mingi wamtazama, na wamwogopa. Ni mara ngapi ishara za uchawi zilikuwa ishara za njaa na moshi? Aliye mwalimu kijijini na alitafakari hilo kabla hajanyamaza watu wanaponong'ona.

Msomaji mwenye kuijua Biblia aweza kutupinga kwa habari za Barzilai Mgileadi. Yeye alikuwa na umri wa miaka 80, na mfalme Daudi akamwalika aende naye Yerusalemu ale mezani pake. Barzilai akakataa, akasema hatambui tena ladha ya anachokula wala anachokunywa. Mfalme hakumlazimisha, alimbusu, akambariki, naye akarudi kwake. Basi, husema watu, mzee akikataa chakula tumwache kama Daudi alivyomwacha. Lakini someni na sura iliyo nyuma. Barzilai alikuwa mtu tajiri, na ndiye aliyekuwa miongoni mwa wale waliomletea Daudi vitanda na vyombo, ngano na shayiri, maharage na dengu, asali na siagi na kondoo, mfalme alipokuwa mkimbizi huko Mahanaimu. Alikataa karamu ya ikulu kwa kuwa nyumbani kwake kulikuwa na chakula, na watumishi wa kukipika, na mji wake alioupenda. Kukataa kwa mwenye ghala si sawa na kukataa kwa asiye na kitu. Bibi wa Kayenze au wa Igombe akiusukuma mkono wa mtu amwandaliaye, hana Gileadi ya kurudia.

Wengine hutujibu kwa neno lililo bora zaidi. Husema, "Ni upendo wake, mwacheni awapende wajukuu zake." Jibu hili twaliheshimu. Mzazi anayejinyima kwa ajili ya mtoto afanya jambo takatifu, nasi tusingependa kumwambia ya kuwa upendo wake ni ujinga. Ila kwanza tuupime, maana yapo mambo mawili yanayovaa nguo moja. Siku ya kwanza bibi akiacha samaki wake, huo ni upendo. Siku ya mia, kila mtu mezani amekwisha kujua ya kuwa samaki huyo si wa bibi. Mpishi amemhesabia mtoto tangu chungu kikiwa motoni. Kipimo tunachokitoa ni hiki: bibi huyu siku moja asiseme neno, ale sehemu yake yote na kuomba mchuzi tena. Je, nyumba itafurahi? Au mkamwana atamtazama mumewe? Uso ukibadilika, basi zawadi ile ilikuwa imegeuka kodi. Maana mzee huyu hana shamba tena, wamegawana wanawe. Hana ng'ombe, walitoka kwa mahari. Hana fedha mkononi. Ajua ya kuwa anahesabiwa. "Nimeshiba" yake ndiyo malipo ya mahali pa kulala, na hakuna aliyemdai kwa kinywa, wala haikuwa lazima kumdai.

Wapo wanaosema kwamba wazee wa zamani walikula vizuri kwa sababu ya adabu za kale. Wazee wa Kisukuma husimulia habari za shikome, moto wa jioni uani, ambapo wanaume na wavulana walikula pamoja na kufundishwa mambo ya ukoo. Ni kweli ya kuwa pale hakuna aliyekula peke yake gizani, na mkubwa ndiye aliyeanza. Ila tusiyasifu mno. Moto ule ulikuwa wa wanaume. Bibi alikula ndani pamoja na wasichana, baada ya sehemu nono kutoka nje. Aliye mwanamke mzee alikuwa na zamu ya nyuma hata siku zile.

Tumeliacha mwisho jibu lililo gumu kuliko yote. "Chakula hakitoshi. Mtoto ana maisha mbele yake, mzee amekwisha kuishi yake. Apewe nani?" Asemaye hivi hana moyo mbaya. Huenda ni mama aliyelala njaa yeye mwenyewe. Nasi hatusemi mtoto apunguziwe. Kuna watoto wengi mno mkoani mwetu walio wafupi kuliko umri wao kwa kukosa chakula, na mtu asiitumie makala hii kuwanyang'anya. Twasema kwamba swali lenyewe limepangwa vibaya, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza twaiona ng'ambo ya magharibi ya ziwa. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa katika hospitali ya Ndolage, mkoani Kagera, hospitali ya kanisa letu. Katika miaka iliyofuata, kabla dawa za kupunguza nguvu ya virusi hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004, kaburi lilimeza baba na mama wa nyumba nyingi kandokando ya ziwa zima, Mwanza haikuachwa, na wajukuu wakabaki kwa bibi. Mwaka 2003 huko Nshamba, wilaya ya Muleba, likaanza shirika liitwalo Kwa Wazee, likiwapa wazee hao pensheni ndogo ya kila mwezi, na nyongeza kwa kila mtoto waliyemlea. Mwaka 2008 ikatolewa taarifa iliyochunguza matokeo yake, nayo ikaitwa kwa jina la vitu ambavyo fedha hiyo ilinunua: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Wazee waliopata pensheni walikula vizuri zaidi kuliko wenzao ambao walikuwa hawajaanza kupata, na wajukuu vilevile. Angalieni jambo hilo. Fedha ilitiwa mkononi mwa bibi, nayo ikaenda kuonekana miguuni mwa mtoto. Katika nyumba kama hiyo hakuna wawili wa kuchagua. Bibi akianguka kwa udhaifu, nani atachota maji, nani atampeleka mtoto kliniki, nani atamwamsha aende shule? Kumwacha mlezi akonde ili mtoto anenepe ni kukata tawi lililombeba.

Sababu ya pili ni kwamba upungufu wa chakula nyumbani mara nyingi una mlango uliotokea, nao ni mlango tuupitao kila siku. Twaishi kando ya ziwa lililo kubwa kuliko yote katika Afrika, na kitoweo ni haba. Katika miaka ya 1950 na 1960 sangara alitiwa ziwani. Alipokwisha kuongezeka katika miaka ya 1980, aina nyingi za furu, samaki wadogo waliokuwa kitoweo cha maskini, zikatoweka au zikawa chache mno. Kuanzia miaka ya 1990 viwanda vikajengwa Mwanza vya kukata minofu ya sangara na kuipeleka Ulaya, na sisi tukabaki tukikaanga mapanki, yaani mifupa na vichwa. Mwaka 2004 filamu ya Hubert Sauper iliyataja hayo mbele ya ulimwengu, na serikali yetu ikakasirika. Katika ugomvi ule hatuingii, maana viwanda vimeajiri watu wetu pia, na ada za shule zimelipwa. Siku hizi hata mabondo ya sangara yana bei kubwa kuliko nyama yake, nayo huenda Uchina.

Tena dagaa. Mungu asingeweza kumpa mzee chakula kinachomfaa kuliko hicho. Huliwa mzima pamoja na mifupa yake, ambayo huipa mifupa ya mlaji chokaa. Akikaushwa vizuri, karibu nusu ya uzito wake au zaidi ni protini. Konzi moja ya gramu 30 humpa mzee kama robo ya haja yake ya siku. Lakini sehemu kubwa ya dagaa wa ziwa letu hununuliwa kwa ajili ya chakula cha kuku na mifugo, na nendeni soko la Mwaloni, Kirumba, mkaone magunia yakipakiwa kwenda miji mingine na nchi nyingine. Mvuvi ajaza mtumbwi, apeleka wote mwaloni, apokea fedha. Fedha ina safari zake, na nyingine ni za aibu. Na jioni mama aliyemzaa ala ugali na mlenda mtupu. Hatusemi kuuza ni dhambi. Asiyeuza hatasomesha. Twasema kwamba sehemu ya mzee yaweza kutengwa kabla ya mizani ya mnunuzi, kama vile sehemu ya mafuta ya injini inavyotengwa bila mtu kuulizwa. Njaa ya kweli ikija, ile isiyo na mlango, hapo mtu ataamua kwa machozi. Yule mjane wa Sarepta aliyekuwa na konzi ya mwisho ya unga alikusudia kuupika kwa ajili yake na mwanawe pamoja, moto mmoja. Ila njaa ya namna hiyo si ya kila mwezi wala ya kila nyumba.

Sasa lazima tuugeukie usharika wenyewe. Bwana Yesu aliwakemea watu waliowanyima wazazi wao msaada kwa kusema kwamba kile ambacho wangesaidiwa nacho kimekwisha kuwa wakfu kwa Mungu. Tuna desturi njema ya kuleta sadaka za mazao, na baada ya ibada hunadiwa nje ya kanisa. Ni nani aletaye mayai? Mara nyingi ni bibi. Mayai matano ya kuku wake wawili, yamefungwa katika kitambaa, hunadiwa, hununuliwa na mwenye mshahara, na watu hupiga makofi. Bibi huyo hakula yai mwezi mzima. Mtu atasema, "Bwana alimsifu mjane aliyetoa senti zake mbili." Naam, lakini katika Injili ya Marko, mistari iliyo mbele kidogo ya habari hiyo Bwana alikuwa akiwaonya watu juu ya waandishi walao nyumba za wajane. Mambo hayo mawili yamekaa pamoja katika sura moja, na anayemsomea mjane mstari wa pili na ajisomee wa kwanza. Hatutaki mkono wa bibi urudishwe mlangoni, maana hiyo ingekuwa dharau, naye ana haki ya kumtolea Mungu wake. Twataka kitu rahisi: yule anunuaye mayai mnadani anaweza kuyachukua hadi nyumbani kwa mzee asiye na kuku, naye mhazini amwandikie risiti yake kama kawaida. Mitume walipopelekewa manung'uniko ya kwamba wajane wengine husahauliwa katika huduma ya kila siku, hawakuuliza kama wajane wenyewe wamelalamika kwa adabu. Waliagiza wachaguliwe watu saba.

Kuhusu serikali twasema kwa ufupi. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003, na kwa sheria zetu mzee ni mtu wa miaka 60 na zaidi. Zanzibar tangu Aprili 2016 imempa kila mzee wa miaka 70 pensheni ya kila mwezi, mwanzo shilingi 20,000, baadaye ikaongezwa. Na Bara nasi twangojea kwa hamu. Yako makazi ya wazee kule Bukumbi, wilaya ya Misungwi, kwa wale wasio na mtu. Lakini wazee walio wengi wana watu, na hakuna waziri awezaye kuketi katika kila jiko.

Ninyi walimu wa mitaa ndio mnaoweza kuona. Mtoto ana mizani kliniki na kadi ya uzito. Mzee hapimwi na mtu. Chukueni kamba, mpime juu ya rula sentimeta 31, mfunge fundo. Mkimtembelea mzee, mwombeni ruhusa kwa heshima, naye mwanamke na apimwe na mwanamke mwenzake, mkaizungushe kamba kwenye shavu la mguu, mahali palipo panene kuliko pote. Mguu ukiwa mdogo kuliko kamba, mzee huyo yu katika hatari, na apelekwe zahanati. Miguu ikiwa imevimba kamba haisemi kweli. Naye apelekwe vilevile. Tazameni pia nguo zilizomlegea, pete inayozunguka kidoleni, mkanda uliotobolewa tundu jipya.

Na kwa chakula: dagaa waliokaushwa juu ya chanja ni bora kuliko wa mchangani, wa mchangani wapepetwe, waoshwe sana, waanikwe tena. Kisha watwangwe kinuni pamoja na mifupa mpaka wawe unga, na kijiko kimoja au viwili vitiwe katika uji wa ulezi au katika mchuzi wa nsansa. Michembe ichemshwe hata ilainike na kuchanganywa na karanga zilizotwangwa. Hii wazee waipenda, ni chakula cha ujana wao. Maziwa ya mgando hayahitaji meno. Apewe kidogo mara nne au tano kwa siku, maana tumbo lake hujaa upesi, na kikombe cha maji kiwekwe karibu naye asubuhi, na jioni mapema. Asile peke yake. Mtoto mmoja wa nyumbani aketi naye, kila mmoja na sahani yake iliyokwisha kugawanywa jikoni, ili mzee asiwe na la kutoa wala mtoto asiwe na la kungojea. Akisema ameshiba, na aulizwe jana alikula nini, pamoja na nani, na samaki alikwenda kwa nani.

Walimu watakaopima kwa kamba katika mitaa yao twawaomba watuandikie kabla ya mavuno: wamepima wazee wangapi, wangapi walikuwa chini ya fundo, na nyumbani mwao palipikwa nini. Majina yasiandikwe.